Siku 3 za baba zinaishia njiani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linalotugusa watumishi wengi sana wa umma, walimu, wauguzi, mabwana shamba, watendaji wa vijiji, jambo ambalo kila likitajwa watu wanalichukulia kama mambo ya ndani ya mtu na mkewe wakati ukweli ni kwamba linaamuliwa mezani kwenye makaratasi. Nazungumzia wanandoa kupangiwa kazi mikoa tofauti alafu wakaachwa hivo hivo, mwaka unaingia mwaka unatoka, mpaka zile siku 3 za likizo anazopewa baba mtoto akizaliwa zinaishia barabarani.

Mi ni muuguzi, niko zahanati ya kijiji wilaya ya Karagwe mkoani Kagera. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari Tandahimba, Mtwara. Asiyejua nchi ilivyokaa achukue ramani aangalie, mmoja yuko juu kabisa jirani na Rwanda na Uganda na mwingine yuko chini kabisa, akivuka mto Ruvuma tu yuko Msumbiji. Kwetu sote wawili ni kusini, mi Newala yeye Masasi, tulioana kabla sijapata ajira, na majina yalipotoka yeye alikuwa ameshaanza kazi Tandahimba mi nikapangiwa huku. Na ajira ya siku hizi nani atathubutu kuikataa, umekaa mtaani na cheti chako miaka, wazazi wameuza korosho kukusomesha, unaambiwa Karagwe unafunga begi unaenda, unajiambia uhamisho ntaomba nikishathibitishwa kazini.

Sasa safari yenyewe iko hivi. Unapanda basi Kayanga, mjini kwetu Karagwe, unapita Kyaka, Bukoba, Muleba, Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, ndo unaingia Dar miguu imevimba viatu vinakataa kuingia. Na hapo hujafika. Ukishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi unatakiwa uvuke mji mzima na mabegi na mtoto mgongoni uende upande wa Mbagala kutafuta basi la kusini, ukikuta yameondoka unatafuta gesti, kesho yake alfajiri unaanza upya, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, Rufiji, Somanga, Nangurukuru, Lindi, Ndanda, Masasi, alafu unapanda mlima kwenda Newala na kuendelea mpaka Tandahimba. Ni zaidi ya kilomita 2,000 hizo kwenda tu. Ukiweka nauli, chakula cha njiani na hiyo gesti, kwenda na kurudi watu wawili, mshahara wa muuguzi wa zahanati unabaki jina.

Sitaki niwe mtu asiyeshukuru, barabara imebadilika na mi mwenyewe nimekua naiona inabadilika. Wakati nikiwa mdogo Newala, kaka zetu waliokwenda Dar kutembeza biashara tulikuwa tunawaona msimu wa korosho tu, na masika ikiingia ndo basi tena, mto Rufiji ulikuwa unavukwa kwa kivuko pale Ndundu na maji yakijaa au tope likizidi magari yanapanga foleni siku na siku, wamama wanapika pembeni ya barabara, wengine wanaugulia hapo hapo. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003 kusini nzima tulishukuru Mungu. Hata hivo kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilomita 60 tu, kilitutesa miaka mingine mingi kabla lami haijakamilika, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja barabara ilikatika tena maeneo hayo ya Somanga watu wakalala njiani. Huku juu nako, zamani mabasi yalikuwa yanakatazwa kutembea usiku, basi la Bukoba linalala njiani abiria wamekaa kwenye siti kama walivyo, 2023 serikali ikaondoa hilo katazo lililokuwepo tangu miaka ya 1990 na sasa basi linatembea saa 24. Pesa tunatumiana kwa simu tangu 2008. Na wale wa Dodoma na Dar wamepata treni ya SGR tangu 2024, asubuhi mtu yuko kwa mkewe Dar mchana yuko ofisini Dodoma, ilipoanza nauli ilikuwa elfu 31 daraja la kawaida, kwa kweli nawafurahia kutoka moyoni maana najua wengi wao walitenganishwa na familia serikali ilipohamia Dodoma na wanajua ninachokisema.

Ila naona hayo maendeleo yameleta na kitu kingine ambacho hakisemwi. Kwa kuwa siku hizi kuna simu na kuna basi la usiku, mtu ukienda ofisini kulalamika uko mbali na mwenzio unaonekana unadeka. Mbona mnaongea kila siku, si mnapiga vidio kol, si mnatumiana hela, mbona wenzenu wanaishi. Kama vile ndoa kazi yake ni kupeana habari.

Ngoja nieleze jambo moja tu lililotokea mtoto wetu alipozaliwa. Nilijifungulia huku huku Karagwe, saa za usiku, mama yangu hakuweza kusafiri na mume wangu alikuwa kwenye usimamizi wa mitihani. Kwetu Waislamu mtoto akizaliwa anaadhiniwa, na mume wangu tangu mimba ina miezi michache alishasema hiyo kazi ni yake hataki kumwachia mtu. Basi muuguzi mwenzangu aliyenizalisha, Mkristo yule, Mungu amzidishie, akachukua simu yangu akaweka sauti juu akaisogeza kwenye sikio la mtoto, kule upande wa pili baba anaadhini, mtandao ukakatika katikati, ukarudi, akaanza upya kuanzia takbira ya kwanza, ukakatika tena, akaanza tena. Yule dada ameinama vile vile, mkono mmoja umeshika simu mkono mwingine umeshika kichwa cha mtoto, hakusema chochote wala hakuuliza itaisha saa ngapi, na kuna mgonjwa mwingine anamsubiri. Asubuhi mzee mmoja jirani aliitwa akaadhini tena mbele ya mtoto ili moyo utulie. Mume wangu alimaliza usimamizi ndo akaanza kuomba ruhusa.

Hapo ndo nafika kwenye siku 3. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na inampa baba siku zisizopungua 3 ambazo anatakiwa azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mtu akitoka Tandahimba leo, kesho yuko Dar, siku ya tatu akijitahidi sana ndo anashuka Kayanga, siku zimeisha hajamshika mtoto. Waliotunga sheria nadhani walimfikiria baba anayelala nyumba moja na mama, atoke kazini akabebe maji akapike uji akakimbizane na mambo ya cheti cha kuzaliwa, na kwa mtu huyo 3 ni chache lakini zina maana. Kwa sisi tuliowekwa mbalimbali na mwajiri huyo huyo mmoja hazina matumizi kabisa. Mume wangu alipewa hizo siku na mkuu wake wa shule akamwongezea kwa huruma yake, lakini huruma ya mkuu wa shule sio haki, kesho akihamishwa anakuja mwingine asiyekuwa nayo.

Na likizo ya mwaka je? Ni siku 28 na zinahesabiwa mfululizo, jumapili ndani sikukuu ndani. Toa siku za barabarani kwenda na kurudi, toa siku moja mbili za kupumzisha mwili, gari likiharibika Nzega toa nyingine. Alafu mwalimu anaachiwa likizo yake shule zikifungwa, mwezi wa 6 au wa 12, na kwenye zahanati yenye watumishi wawili watatu kila mtu anautaka mwezi wa 12, kwahiyo sa nyingine yeye anafunga shule mi ndo nimebanwa na zamu, mi nikipata yeye anasahihisha mitihani. Nauli ya likizo mwajiri anatakiwa alipe mara moja kila baada ya miaka miwili, na wengi tunaijua habari ya kuandika madai yakakaa. Mwaka mwingine tunaonana mara moja. Watu walio kwenye ndoa, wana afya zao, hawajagombana, hawajaachana, hakuna aliyefungwa wala aliyekwenda vitani.

Mi kwa kazi yangu hili jambo naliona mara mbili, kama mke na kama muuguzi. Kliniki ya wajawazito tunamwambia kila mama hudhurio la kwanza njoo na mwenzio, mpime wote, msikie wote dalili za hatari, mpange wote usafiri wa kujifungulia. Wanaokuja peke yao tunawaambia waende kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji wakalete barua ya kueleza kwamba mume hayupo. Nimepokea hizo barua nyingi, zimeandikwa kwenye karatasi ya daftari na muhuri wa kijiji, mume yuko machimboni Geita, mume yuko Dar, mume amekwenda Uganda kutafuta. Nilipobeba mimba na mi nikaenda kliniki peke yangu na barua yangu, mwenyekiti kaandika mume wake ni mtumishi wa umma mkoa wa Mtwara. Kwahiyo serikali kwa mkono wa wizara moja inasema njooni wawili, na kwa mkono mwingine imewaweka hao wawili kilomita elfu mbili na zaidi.

Mtoto sasa anaongea. Anaongea Kinyambo kizuri sana kuliko mimi, kafundishwa na bibi jirani anayemlea nikiwa zamu, bibi ambaye kwa damu hatuhusiani kitu na leo ukiniuliza ndugu yangu ni nani Karagwe ntamtaja yeye wa kwanza. Hilo nalihesabu ni neema ya umbali, na najua nchi hii ilijengwa hivo, wazee wetu walipelekwa shule na kazi mbali na kwao makusudi wakakutana makabila yote, ndo maana hatubaguani. Sipingi mtu kutumwa mbali. Bibi mzaa mama yangu akipiga simu anamsalimia kitukuu wake kwa Kimakonde mtoto anamjibu kwa Kinyambo wanacheka wote wawili hakuna anayemwelewa mwenzie, na hapo nafurahi na kuumia kwa pamoja.

Lakini kwa baba yake ni habari nyingine. Kwenye simu anaongea naye mpaka bando linakata, anamsimulia kuku, anamsimulia mvua, anamwonyesha viatu. Likizo iliyopita baba mwenyewe amekuja, amekaa sebuleni, mtoto kajibanza nyuma ya mlango wa jikoni, alafu akanifuata ananivuta gauni ananong'ona, mama nipe simu nataka kumwambia baba kitu. Baba alisikia. Alikunywa chai yake akanyamaza. Ilichukua karibu wiki nzima mtoto kukubali kukaa mapajani mwake, na kufika hapo siku za kurudi zilikuwa zimeanza kuhesabika.

Tunatumiana vitu, hilo tunalijitahidi. Yeye akivuna korosho za mjomba ananitumia zimebanguliwa kabisa, mi msimu wa senene nakaanga najaza kwenye ndoo, mfuniko nafunga na selotepu, naandika jina na namba ya simu kwa maka peni pande zote, nampa konda. Ikifika Dar kuna kijana anaipokea anaivusha mpaka kwenye gari la kusini, kijana huyo hatujawahi kumwona kwa macho zaidi ya sauti yake na kila mara kazi anaifanya kwa uaminifu. Mume wangu anasema ndoo ikifika Tandahimba kwanza anainusa, kabla hajafungua. Sijui wenye maamuzi kama huwa wanafikiria kwamba kuna ndoa za watumishi wao ziko mikononi mwa makonda na vijana wa stendi.

Na misiba. Hili sitaliongea sana maana bado linaniuma. Baba yangu mzazi alifariki Newala baada ya swala ya alfajiri. Nilipigiwa simu nikiwa zamu, nikakabidhi dawa na funguo, nikapata gari la jioni. Sisi hatuweki maiti, na wala sikutaka wamweke kwa ajili yangu, alizikwa alasiri hiyo hiyo mi hata sijapanda basi. Nilikuwa nimekaa dirishani tunapita Singida siku ya pili yake watu wananitumia picha za kaburi. Aliyeingia kaburini kumpokea ni mume wangu, alitoka Tandahimba kwa pikipiki akawahi. Nilipofika siku ya tatu usiku matanga yameshaanua, wamebaki wa nyumbani tu, mama akaniambia mwenzio alikuzikia. Toka siku hiyo nina deni kwa mume wangu ambalo sijui nalilipaje, na nimeelewa kitu kuhusu ndoa yetu ambacho simu isingeweza kunionyesha, kwamba yule mtu alisimama mahali pangu kwa mwili wake. Na mama yake akiugua Masasi leo, mi muuguzi mkwe wake nauguza wazazi wa wengine huku, ambalo ni sawa, ndo kazi niliyoapa, lakini naye mkwe wangu ana haki yake.

Babu yangu mzaa baba alikwenda mkonge Tanga kwa mkataba, zama za mkoloni, akamwacha bibi na watoto. Bibi alikuwa anasimulia jinsi wanaume wa kijiji walivyopakiwa, na waliorudi walirudi wamekuwa wageni na wengine hawakurudi kabisa walianza maisha mengine huko huko. Enzi zile mashamba yalitaka nguvu za mwanaume, familia yake atajua mwenyewe. Serikali tuliyonayo ni yetu, tunaipigia kura, inatuhimiza malezi bora na kila hotuba inasema familia ndio msingi wa taifa. Basi naomba huo msingi uonekane kwenye kupanga vituo.

Najua majibu watakayotoa maana nimeshayasikia. La kwanza ni upungufu, ukiondoka nani atabaki, ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa, haijakamilika. Ni kweli kabisa, mi nipo kwenye zahanati nayajua mapungufu kuliko anayeyasoma kwenye taarifa, siku nikiugua kuna mama atatembea mpaka kituo cha mbali kujifungua. Ila kusini nako kuna zahanati na wauguzi ni wachache vile vile, nikihama kutoka Karagwe kwenda Tandahimba nchi haijapoteza muuguzi hata mmoja. Na kuna wa kusini wamepangiwa kaskazini na wa kaskazini wamepangiwa kusini, tunapishana barabarani kila likizo. Ingia kwenye yale magrupu ya watumishi ya kutafuta kubadilishana uone, mchana kutwa ni hivo hivo, natoka Kakonko natafuta wa Kilwa, mwalimu wa sayansi Nanyumbu natafuta Muleba au Misenyi, mhudumu wa afya Tunduru natafuta popote Kagera. Popote Kagera, mhariri, mtu hachagui mji wala lami anataka tu awe mkoa mmoja na mwenzie. Humo humo kuna matapeli wanajifanya wana mtu ofisini wanakula hela za watu waliokata tamaa. Kama mi kwa simu yangu naweza kuwaona watu wa kubadilishana nao, ofisi yenye majina ya wote na vituo vya wote inashindwaje kutukutanisha.

La pili ni kwamba kila kitu sasa ni kwenye mfumo wa mtandaoni, omba kwenye mfumo. Tumeomba. Nimeambatanisha cheti cha ndoa, salari slipu ya mwenzangu, barua ya mwajiri wake, kumfuata mwenza ni sababu inayokubalika kwenye utumishi wa umma tangu zamani. Ombi la kwanza lilikaa bila jibu, nikifuatilia ofisi moja naambiwa liko ofisi nyingine, niliyoambiwa nikiifikia naambiwa limekataliwa na sababu hazipo, niombe upya. Sitaji ofisi wala mtu, sijaja kushitaki, na wapo maofisa utumishi waliojitahidi kunisaidia kadri ya uwezo wao. Nachosema ni kwamba kukataliwa kwa sababu kunavumilika. Ukiambiwa subiri mpaka mwezi fulani ajira mpya zitoke utapata mbadala, mtu anapanga maisha, anajua azae lini, ajenge wapi, mtoto aanze darasa la kwanza wapi. Ukimya ndo unaovunja watu. Nina wenzangu kwenye kada yangu ndoa zimekufa kwa ukimya huo, hakuna aliyefumaniwa wala aliyetukanwa, siku moja tu mmoja alichoka kusafiri, mwingine akachoka kusubiri, na siwalaumu hata kidogo. Wengine waliacha kazi wakafuata waume, wauguzi waliosomeshwa na kodi leo wanauza vitenge.

La tatu, na hili linaniudhi, ni kuambiwa mliyataka wenyewe, mngeoa na kuolewa vituoni. Mtu haoi kituo.

Sasa naomba nini. Naomba kwanza wanaopanga ajira mpya waangalie hali ya ndoa kabla ya kupanga, taarifa za ndoa tunazijaza kwenye fomu, zitumike. Sio lazima kituo kimoja wala wilaya moja, mkoa jirani tu unatosha, mtu aweze kutoka ijumaa akarudi jumapili. Maombi ya kumfuata mwenza yawekewe muda wa kujibiwa, na jibu likiwa hapana liandikwe kwa nini na mtu aruhusiwe kuomba tena lini. Wanaotaka kubadilishana ofisi iwakutanishe yenyewe, hapo hakuna gharama ya ajira mpya na hakuna kituo kinachobaki wazi, na matapeli watakosa kazi. Na zile siku za baba, wabunge wetu wakiigusa tena hiyo sheria waweke kipengele cha watumishi waliotenganishwa na kazi, siku za safari zihesabiwe mbali, zile 3 zianze kuhesabika baba akishafika alipo mtoto. Hata hilo peke yake likifanyika mwaka huu kuna watu litawafaa.

Wapo watakaosoma barua hii wakiwa kwenye hali kama yangu, Kigoma, Rukwa, Ruvuma, Kagera, nawaomba na wao waandike, wasiseme ni aibu kuanika ya nyumbani. Na wewe mhariri, kama gazeti lako lina mwandishi anayefuatilia mambo ya utumishi, tafadhali mtume akaulize wahusika swali moja, ni maombi mangapi ya kumfuata mwenza yako mezani hivi sasa na la zamani kuliko yote lina umri gani. Jibu lao lichapwe ukurasa huu huu.

Ni mimi,
Muuguzi, Karagwe
(jina langu unalo, naomba usilichape)